Uyoga wa Nzega na Tabora: Unajenga Mwili Kweli, Lakini Hautibu Kisukari

Mvua zikishakolea Tabora, uyoga nao unaanza kuonekana. Unauona kwenye beseni sokoni, kwenye ndoo kando ya barabara, na ukishakaushwa unauona kwenye vifuko vya nailoni. Nzega ni njia panda. Magari ya kutoka Singida na Igunga yanapita hapo kwenda Shinyanga na Mwanza, na barabara nyingine inashuka kusini kwenda Tabora mjini. Kwa hiyo uyoga wa huku haulimwi wala hauliwi na wenyeji peke yao. Unasafiri hadi kwa watu ambao hawajawahi kuuona ukiwa umesimama porini.

Zamani uyoga uliuzwa kama mboga. Siku hizi unauzwa pia kama dawa. Ukifungua simu yako unakutana na ujumbe: uyoga unaponya kisukari, unashusha presha, unamaliza saratani, unaongeza nguvu za kiume. Mwingine anauza unga wa uyoga kwenye kopo, mwingine anauza kahawa yenye uyoga.

Je, yapi ni ya kweli? Jibu fupi ni hili: uyoga ni chakula kizuri sana, una faida zinazojulikana na kupimwa, lakini haujathibitishwa kuponya ugonjwa wowote kati ya hiyo. Na ukikosea ukaokota aina isiyo sahihi, unaweza kukuua. Twende hatua kwa hatua.

Uyoga upi tunauzungumzia?

Neno "uyoga" ni moja, lakini aina zake ni nyingi mno. Kwa watu wa Tabora na maeneo mengine yenye misitu ya miombo, uyoga wa porini unaoliwa uko katika makundi makubwa mawili.

Kundi la kwanza ni uyoga wa kichuguu. Wanasayansi wanauita Termitomyces. Huu unalimwa na mchwa wenyewe. Mchwa wanakusanya majani makavu na vijiti, wanavitafuna na kuvijenga kama masega ndani ya kichuguu, halafu uyoga unakua juu ya masega hayo na kuyalainisha ili mchwa waweze kuyala. Ushirikiano huu ulianzia Afrika na una umri wa takribani miaka milioni 30. Mvua zikinyesha, uyoga unasukuma shina lake kutoka chini kabisa hadi juu ya ardhi. Ndiyo maana ukiuchimbua unakuta shina limeendelea kama mzizi mrefu kuelekea chini.

Ndani ya kundi hili kuna wadogo kama kifungo cha shati, na kuna wakubwa ajabu. Aina moja iliyoelezwa na wanasayansi kutoka Zambia mwaka 1980, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Ni kati ya uyoga unaoliwa mkubwa kuliko wote duniani.

Kundi la pili ni uyoga unaoota chini ya miti ya miombo, kama mtundu na jamaa zake. Humo kuna uyoga wa rangi ya chungwa au njano wenye umbo la faneli, na aina nyingine nyingi. Huu hauoti peke yake. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya mti: mti unaupa uyoga sukari, uyoga unausaidia mti kupata maji na madini ya udongo. Ukikata mti, uyoga wake nao unapotea. Nzega kwenyewe mashamba na malisho yamechukua eneo kubwa, hivyo misitu mizito ya miombo utaikuta zaidi upande wa Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Huko nako kuni za kukaushia tumbaku na mkaa vinaila misitu hiyo.

Makundi yote mawili hayana mtu anayeyapanda. Mpaka leo uyoga wa kichuguu haujaweza kulimwa shambani kibiashara. Ukiuona sokoni, jua kuna mtu aliuokota, na mara nyingi ni mama au mtoto.

Ndani ya uyoga kuna nini?

Tuanze na maji. Uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90. Ndiyo maana kilo 10 za uyoga mbichi zikikauka zinabaki kama kilo moja tu.

Chukua mfano wa uyoga aina ya mamama, ule unaolimwa na watu wengi nchini. Gramu 100 zake zikiwa mbichi zina:

- Nguvu kama kilokalori 33 tu
- Protini kama gramu 3.3
- Nyuzinyuzi kama gramu 2.3
- Potasiamu kama miligramu 420
- Vitamini za kundi B
- Mafuta kidogo sana

Hapo unaona kitu kimoja muhimu. Watu husema uyoga ni nyama ya mnyonge. Kuna ukweli, lakini usizidishwe. Yai moja lina protini kama gramu 6. Ili upate kiasi hicho kwenye uyoga mbichi wa mamama, unahitaji karibu gramu 200, yaani sahani nzuri kabisa. Uyoga mkavu ndio wenye protini nyingi kwa uzito, kwa sababu maji yameondoka.

Kwa hiyo kwa mtoto anayekua, uyoga usichukue nafasi ya maharage, dagaa, mayai au maziwa. Uongezwe juu yake. Pia uyoga hautoshi kukupa vitamini B12, ambayo tunaipata zaidi kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa.

Lakini kwenye mezani pa nyumba ya kawaida ya Kinyamwezi au Kisukuma, uyoga una kazi ya pekee. Protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kimoja kinachoitwa laisini. Uyoga unacho. Ugali wa mahindi na uyoga vinajaziana. Ukiweka na karanga za kutwanga, kama wapishi wengi wa Tabora wanavyofanya, unapata mboga yenye protini, mafuta mazuri na nguvu ya kutosha. Bibi zetu hawakupima maabara, lakini sahani yao ilikuwa imekaa vizuri.

Kwa nini uyoga ni mzuri kwa presha na uzito?

Kuna sababu tatu za kawaida kabisa, hazina miujiza.

Kwanza, uyoga una potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Potasiamu inausaidia mwili kutoa chumvi ya ziada kupitia mkojo. Faida hii inapotea ukiukaanga kwa mafuta mengi na kumwaga chumvi au viungo vya pakiti juu yake.

Pili, nyuzinyuzi. Ndani ya kuta za uyoga kuna aina ya nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani. Nyuzinyuzi kwa ujumla zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na zinasaidia choo kupita vizuri.

Tatu, unashibisha bila kukupa nguvu nyingi za ziada. Mtu akipunguza nusu ya nyama yenye mafuta kwenye mchuzi na kuweka uyoga, sahani inabaki imejaa lakini mafuta yamepungua.

Angalia lakini: haya yote ni kusaidia. Mgonjwa wa kisukari anaweza kula uyoga kwa raha, ni mboga nzuri kwake. Ila kuwa mboga nzuri kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo moja, na kuponya kisukari ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo wauzaji wanapowachanganya watu.

Jua linavyouongezea vitamini D

Hili wengi hawalijui. Uyoga una kitu kinachofanana na kile kilicho kwenye ngozi ya binadamu: ukipigwa na jua, unatengeneza vitamini D. Vitamini hii ndiyo inayousaidia mwili kutumia kalsiamu kwenye mifupa.

Uyoga uliokatwa vipande ukawekwa kwenye jua la mchana kati ya dakika 15 na saa moja unaweza kufikisha zaidi ya mikrogramu 10 za vitamini D katika gramu 100. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 15 kwa siku. Na uyoga ukikaushwa vizuri, sehemu ya vitamini hiyo inakaa kwa miezi.

Mkulima wa Nzega anayeshinda juani anapata vitamini D ya kutosha kupitia ngozi yake. Faida hii ni kubwa zaidi kwa mzee anayekaa ndani, mgonjwa wa kitandani, au ndugu yako aliye Ulaya wakati wa baridi kali. Ukimtumia uyoga wa kwetu uliokaushwa juani, umemtumia na jua kidogo.

Sasa, uyoga ni dawa?

Ni kweli kwamba dunia ya kuvu, ambayo uyoga ni sehemu yake, imetupa dawa kubwa. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini kutoka kwenye kuvu. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha lovastatini, dawa ya kushusha lehemu, ambayo nayo ilitoka kwenye kuvu. Uyoga wa mamama wenyewe una lovastatini kidogo kiasili.

Huko Japani, katika miaka ya 1970 na 1980, madaktari waliruhusiwa kutumia viini vilivyochujwa kutoka kwenye aina fulani za uyoga pamoja na dawa za saratani. Soma tena hapo: pamoja na dawa za saratani, chini ya daktari, na ni viini vilivyochujwa na kupimwa kipimo chake. Siyo supu wala unga wa kopo.

Tofauti ya kipimo ndiyo siri yenyewe. Kiini kilichomo kwenye uyoga kikiwa kidogo na hakijulikani ni kiasi gani, huwezi kukitegemea kama dawa. Leo umekula wenye kingi, kesho wenye kidogo.

Kuna utafiti mwingine unaopenda kusambazwa kwenye simu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walikusanya tafiti 17 za miaka ya 1966 hadi 2020. Walikuta kwamba watu waliokula kama gramu 18 za uyoga kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kupata saratani kwa asilimia 45 kuliko wasiokula. Namba hiyo ni kweli ilichapishwa. Lakini haithibitishi kwamba uyoga ndio uliozuia saratani. Mtu anayekula uyoga kila siku huenda anakula mboga nyingi kwa ujumla, havuti sigara, na anapima afya yake mapema. Na hakuna hata sehemu moja inayosema kwamba mtu mwenye saratani tayari atapona kwa kula uyoga.

Vipi ule uyoga mgumu kama ubao, unaong'aa, unaouzwa sana kwenye vidonge na kahawa? Jina lake ni Ganoderma. Jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kuchambua majaribio ya tiba yaliyofanywa duniani, limeuangalia. Mwaka 2015 halikuona ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa kushusha sukari, presha na lehemu kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Kuhusu saratani, mwaka 2016 lilisema ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya kwanza.

Kwa kifupi: haujathibitishwa. Tena unaweza kugongana na dawa. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu akichanganya na vidonge vya Ganoderma.

Hatari ya kuacha dawa

Madhara makubwa ya unga wa uyoga mara nyingi hayatoki kwenye unga wenyewe. Yanatoka kwenye kile mgonjwa anachokiacha.

Mgonjwa wa kisukari anaacha vidonge au sindano akiamini unga utamponya. Wiki ya kwanza anajisikia vizuri, kwa sababu sukari ikipanda taratibu haiumi. Kumbe ndani macho, figo na mishipa vinaharibika. Mwenye presha naye hivyo hivyo: hahisi kitu mpaka siku ya kiharusi. Mwenye VVU akiacha dawa za kufubaza virusi, virusi vinarudi kwa nguvu na vinaweza kuwa sugu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako, muulize muuzaji maswali haya:

1. Dawa hii imesajiliwa na nani? Tiba asili nchini zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa za hospitali zinasimamiwa na TMDA.
2. Ni uyoga wa aina gani, na kipimo chake ni kiasi gani?
3. Je, unaniambia niache dawa za hospitali? Akisema ndiyo, ondoka hapo hapo.

Na ukiamua kutumia chochote, mwambie daktari wako. Usimfiche. Hatakufukuza.

Uyoga unaoua

Hapa ndipo penye mambo ya haraka, hasa msimu wa mvua.

Sehemu kubwa ya vifo vya uyoga duniani inatokana na baadhi ya aina za jamii ya Amanita. Dalili za kuangalia ni pete au kola kwenye shina, na kikombe au kifuko chini kabisa ya shina, kwenye udongo. Tatizo ni kwamba kwenye miombo kuna Amanita nyingine zinazoliwa bila shida na watu wanaozijua tangu utoto. Mgeni akiona mwenyeji anaokota, naye anaokota, kumbe kachukua ndugu yake mbaya. Na uyoga ukiwa mchanga, haujafunguka, aina nyingi zinafanana kama mayai. Usiokote uyoga ambao haujafunguka, na usiukate juu tu: chimbua mpaka chini uone kama kuna kikombe.

Uyoga mwingine wa kuogopa unaota kwenye nyasi na malisho, karibu na nyumba. Ni mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu, na mtu anaweza kuudhania kuwa wa kichuguu. Ukizeeka, ile mistari iliyo chini ya kofia inageuka kijani. Wa kichuguu halisi una shina linaloendelea chini kama mzizi, na vumbi lake ni la rangi ya waridi hafifu. Huu wa kwenye nyasi unaleta matapishi na kuhara vibaya ndani ya saa moja hadi tatu. Mtu mzima mara nyingi hupona, lakini mtoto anaweza kufa kwa kuishiwa maji.

Kwa nini sumu ya Amanita inadanganya?

Sumu yake inashambulia ini. Inafanya kazi kwa hatua:

- Saa 6 hadi 24 za mwanzo: hakuna dalili. Mtu amekula jana jioni, amelala vizuri.
- Kisha: kutapika, tumbo kukata, kuhara maji.
- Siku inayofuata: anapata nafuu. Familia inashukuru, wanadhani yameisha.
- Kuanzia siku ya tatu hivi: macho yanakuwa ya njano, anachanganyikiwa, ini linafeli.

Ile siku ya nafuu ndiyo inayoua watu. Ndugu wanaahirisha kwenda hospitali wakati ini linaendelea kuharibika kimyakimya.

Kanuni rahisi ya kukumbuka: dalili zikichelewa zaidi ya saa 6 baada ya kula, hali ni mbaya zaidi, siyo nafuu. Na hata zikianza mapema usijiaminishe, kwa sababu kwenye sufuria moja aina mbili zinaweza kuwa zimechanganyika.

Imani hizi siyo za kweli

Hizi zimezunguka muda mrefu, kwetu na nje pia. Zote ni za uongo:

- "Weka sarafu au kijiko cha fedha kwenye sufuria, kikigeuka cheusi kuna sumu." Hapana.
- "Weka kitunguu au mchele, ukibadilika rangi usile." Hapana.
- "Ukiona umeliwa na konokono au wadudu, uko salama." Hapana. Kinachomfaa konokono kinaweza kukuua wewe.
- "Ukichemsha sana na kumwaga maji, sumu inaisha." Sumu ya Amanita haiishi kwa moto.
- "Ukiukausha, sumu inakauka nayo." Haikauki.
- "Wenye sumu ni mchungu." Waliopona wengi husema ulikuwa mtamu.

Kipimo cha kweli ni kimoja: mtu anayeijua aina hiyo kwa jina, ameila miaka yote, na ameushika mkononi uyoga mzima kabla ya kupikwa. Picha ya kwenye simu haitoshi. Hata makala hii haitoshi.

Mtu akiumwa baada ya kula uyoga

Fanya haya bila kusubiri:

1. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama amepata nafuu. Ukiwa Nzega anza na hospitali ya wilaya. Kwa rufaa kuna Kitete Tabora mjini na Nkinga iliyoko wilaya ya Igunga.
2. Beba mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa. Kama yamekwisha, beba hata maganda au matapishi kwenye kifuko.
3. Sema saa mlizokula na saa dalili zilipoanza. Hii inamsaidia daktari kuliko kitu kingine.
4. Peleka na wengine wote waliokula sufuria hiyo, hata wasioumwa.
5. Njiani, kama anaweza kunywa, mpe maji yenye chumvichumvi za ORS kidogo kidogo.

Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ukidhani yanakata sumu. Unapoteza muda.

Ukinunua stendi au sokoni

Kijijini unamjua aliyeokota. Stendi humjui. Kwa hiyo:

- Nunua uyoga ambao bado una umbo lake, siyo uliovunjwavunjwa mpaka hauelewi ni nini.
- Muulize ni aina gani na umetoka wapi. Muuzaji mzoefu atakujibu kwa jina, tena kwa Kinyamwezi.
- Mkavu uwe mkavu kweli: uvunjike, usikunjike. Wenye ukungu au harufu ya uvundo uache.
- Uliokaa umefungwa kwenye nailoni ukiwa mbichi huharibika haraka. Wenye utelezi usile.

Jambo jingine la Nzega ni dhahabu. Uyoga unafyonza madini mazito kutoka ardhini kuliko mboga nyingi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, na zebaki ikiingia ardhini haiondoki leo wala kesho. Usiokote uyoga karibu na sehemu za kuchenjulia dhahabu, kando kabisa ya barabara kuu, wala kwenye mashamba yaliyotoka kupuliziwa dawa.

Nyumbani, pika uyoga uive. Mbichi ni mgumu kwa tumbo. Mara ya kwanza kula aina mpya, kula kidogo, kwani wengine wana mzio hata na uyoga salama. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, na mwenye jongo, waulize daktari kwanza.

Unaweza kuulima mwenyewe

Kama unataka faida bila wasiwasi, lima mamama. Huu hauhitaji kichuguu wala msitu. Unaota kwenye majani makavu ya mpunga, mabua, au makapi ya mbegu za pamba. Nzega na Igunga vitu hivyo vipo, vingi vinachomwa moto tu baada ya mavuno.

Kwa ufupi: unakatakata majani, unayaloweka, unayachemsha ili kuua vimelea, unayaacha yapoe, unachanganya na mbegu za uyoga kwenye mifuko, na kuiweka kwenye chumba chenye giza na unyevu. Ndani ya wiki tatu au nne nyuzi nyeupe zinakuwa zimejaa mfuko. Ukiutoboa na kuupa hewa, mwanga kidogo na unyevu, uyoga unachomoza. Mfuko mmoja unavunwa zaidi ya mara moja. Kinachotakiwa zaidi ni usafi na mbegu nzuri kutoka kwa mzalishaji anayeaminika.

Mama mwenye mifuko michache kwenye kibanda anapata mboga hata Agosti wakati porini hakuna kitu, na anajua kwa uhakika anachowapikia watoto.

Ya kukumbuka

Kula uyoga, ni chakula kizuri. Uanike kidogo juani, uweke na karanga, punguza chumvi. Meza dawa zako za hospitali kama ulivyoandikiwa, uyoga uwe kwenye sahani na siyo badala ya vidonge. Usiojua jina lake, uache ulipo. Na mtu akitapika baada ya kuula, safari ya hospitali inaanza saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama anasema anajisikia nafuu.